Hadithi fupi za kisayansi peke yake zinalipa?

kalamu_kavu: Wakuu, habari. Kuna mtu anaweza kuishi kwa hadithi fupi za kisayansi na fantasia tu, bila riwaya? Ted Chiang, mwandishi wa Marekani, hajatoa riwaya hata moja na jina analo. Hesabu zinakaaje, na hadithi zinatumwaje huko majarida ya nje?

mchapo_mrefu: Mkuu, Chiang mtazame mzima. Hadithi yake ya kwanza ilitoka jarida la Omni mwaka 1990, ikabeba tuzo ya Nebula. Mkusanyiko wa kwanza 2002, wa pili 2019. Kwa miaka mingi mkate wake ulitoka kwenye kuandika maelezo ya kiufundi ya programu za kompyuta. Filamu ya Arrival ya 2016 ilizaliwa na hadithi yake ya 1998.

Sasa hesabu. Chama cha waandishi wa fani hii, SFWA, kinachukulia senti 8 za dola kwa neno kuwa malipo ya kitaalamu. Maneno 5,000 ni dola 400. Ukiuza nne kwa mwaka (na hapo umefanya kazi kweli) ni dola 1,600. Kazi usiache.

BiMkubwa_Hariri: Pesa ya nyongeza iko kwenye haki za hadithi. Jarida likinunua haki ya kuchapisha mara ya kwanza kwa Kiingereza, na muda wa kutoitoa kwingine ukaisha, hadithi inarudi kwako: iuze tena kwa antholojia (kitabu cha hadithi za waandishi mbalimbali), kwa tafsiri, kwa sauti. Mkataba ukisema "haki zote", au ukinyakua haki za filamu kimyakimya, omba kifungu kifutwe kabla hujatia saini. Wasipokubali, achana nao.

Kutuma: majarida mengi hayataki hadithi iliyo mezani kwa mwenzao, kwa hiyo uwe na nne au tano zinazozunguka. Anza na anayelipa zaidi. Ikikataliwa, iende kwa anayefuata siku hiyohiyo. Barua iwe na kichwa, idadi ya maneno na ulikowahi kuchapishwa, basi. Kisa usikisimulie, mhariri atakisoma mwenyewe.

Kosa linalowaumiza wengi ni kuibandika kwanza Facebook au kwenye blogu. Hapo imeshachapishwa, na haki ya kwanza huna tena ya kuuza. La pili ni akili mnemba: Februari 2023 jarida la Clarkesworld walilazimika kufunga kupokea hadithi kwa mafuriko ya kazi za mashine. Ukibainika unapigwa marufuku.

kalamu_kavu: Shukrani, Bi Mkubwa. Na nikiandika kwa Kiswahili?

BiMkubwa_Hariri: Soko la hadithi mojamoja ni jembamba. Tuzo ya Safal-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili, inataka mswada mzima wa kitabu, kwa hiyo kusanya. Au andika Kiswahili, kisha uitafsiri mwenyewe na kuijaribu Omenana, jarida la bunilizi za Kiafrika lililoanzia Nigeria 2014. Kabla ya kutuma popote, uliza pesa inapitia njia gani. Wengi hutumia PayPal, na si kila nchi yetu inaruhusu kupokea.