MJADALA: Samaki wa GMO waruhusiwe kwenye maji yetu? Mimi nasema vizimbani hapana

Wakuu, naileta hoja hii mezani mapema, kabla mtu hajatua na vifaranga kwenye mifuko ya oksijeni na vibali mkononi. Msimamo wangu ni huu: samaki aliyebadilishwa vinasaba (GMO) asiwekwe kwenye kizimba chochote, kiwe cha ziwani, mtoni au baharini. Anayetaka kumfuga amfuge kwenye matangi ya nchi kavu. Wenye mawazo tofauti karibuni sana, ila tujadili samaki na maji, tusivunjiane heshima.

Kwa ambao hawajafuatilia, samaki wa kwanza wa aina hii kuruhusiwa kuwa chakula cha binadamu ni samoni wa kampuni ya AquaBounty. Kazi ilianza Kanada mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland. Watafiti walichukua jeni ya homoni ya ukuaji kutoka kwa samoni wa Pasifiki aitwaye Chinook, wakaiunganisha na kipande cha vinasaba cha samaki mwingine anayeishi kwenye maji ya barafu, kisha wakaiingiza kwenye mayai ya samoni wa Atlantiki. Kile kipande kinafanya homoni itoke mwaka mzima. Matokeo yake, samaki anafika uzito wa sokoni kwa miezi kama 18 badala ya karibu miaka 3. Marekani, kupitia FDA, mamlaka yake ya chakula na dawa, ilimpitisha Novemba 2015, Kanada ikafuata 2016, na 2017 akaanza kuuzwa huko Kanada.

Suala la kumla sina ugomvi nalo. Mamlaka za nchi zote mbili zilimkagua zikasema ni salama, na sina sababu ya kuzipinga. Kinachoninyima usingizi ni kutoroka.

Kampuni yenyewe ililijua hilo. Samaki wake wote walikuwa majike, na walipewa seti tatu za kromosomu badala ya mbili ili wasizae. Walifugwa kwenye matangi, kwanza milimani Panama, baadaye Indiana, katikati ya Marekani, mbali kabisa na bahari. Pamoja na yote hayo, Novemba 2020 Jaji Vince Chhabria wa mahakama ya shirikisho huko California aliamua kwamba FDA ilivunja sheria za mazingira, kwa sababu haikuchambua ipasavyo nini kitatokea samaki hao wakitoroka na kuota mizizi porini. Hakufuta kibali, lakini aliwarudisha wakamalizie kazi. Walioshitaki ni makundi ya mazingira, wavuvi, na watu wa taifa la Quinault, wenyeji wa asili wa jimbo la Washington, ambao samoni wa asili ni maisha yao. Sasa pimeni wenyewe: samaki wagumba, ndani ya matangi, nchi kavu, na bado mahakama inasema hamjajibu swali. Kwetu, Ziwa Victoria, ufugaji unaosukumwa kwa kasi ni wa vizimba ziwani.

Anayekijua kizimba ananielewa. Fremu inaelea juu ya maboya au mapipa, wavu unaning'inia chini, na maji ya ziwa yanaingia na kutoka humo humo. Fisi maji anautoboa. Mwizi anaukata usiku kwa kisu. Dhoruba ikipiga, nanga inang'oka na kizimba kinakwenda kugonga miamba. Mfugaji anakuja asubuhi kulisha, anarusha chakula, maji hayachemki kama siku zote, hapo ndipo anajua. Na hata wenye pesa yanawakuta. Agosti 2017 vizimba vya kampuni ya Cooke pale Cypress Island, jimbo la Washington, vilivunjika, na samoni wa Atlantiki zaidi ya 200,000 wakaingia upande wa Pasifiki, bahari ambayo si yao. Hao hawakuwa GMO, na bado mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya kuuondoa ufugaji huo.

Msiseme kwamba wa GMO hajawahi kutoroka. Kuna wale samaki wadogo wa mapambo wenye jeni ya kung'aa, GloFish. Mwaka 2022 wanasayansi wa Brazili waliripoti kuwakuta wakizaliana kwenye vijito vya Msitu wa Atlantiki, jirani na mabwawa ya samaki wa mapambo. Na Brazili ilikuwa imeshapiga marufuku kuwauza!

Kuhusu madhara, nitakuwa mkweli: mengi ni makadirio. Muir na Howard wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha mwaka 1999, kwa hesabu, kwamba dume aliyekuzwa kwa jeni akipendwa na majike kwa ukubwa wake, huku watoto wake wakiwa dhaifu, jeni inaendelea kuenea wakati kundi zima linapungua, hadi linaweza kwisha. Halijathibitika porini. Lakini sisi wa Ziwa Victoria tuna ushahidi wa jambo la jirani. Sangara aliletwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa nia njema ya kuongeza samaki. Kwa muda akaonekana hana neno. Miaka ya 1980 akalipuka, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, zikaporomoka, nyingine hatutaziona tena. Aliyeleta sangara hakuweza kumrudisha.

*

MFUGAJI, SENGEREMA: Mtoa mada nakuheshimu, ila unaongea kama mtu asiyenunua chakula cha samaki. Zaidi ya nusu ya pesa yangu inaishia kwenye mifuko ya chakula. Nikipata sato (tilapia) wa kukomaa miezi mitano badala ya minane, nimeokoa miezi mitatu ya kulisha na ya kulipa mlinzi. Hao AquaBounty walisema samaki wao anakula pungufu kwa robo. Na sato unayemlilia ni mgeni humu ziwani, aliletwa kama sangara. Mbona hatumfukuzi? Watu wanaongezeka, samaki wa ziwani wanapungua, mabibi na mabwana wa mjini wanakula samaki wa barafu kutoka China. Mtu akiniletea mbegu bora nitaichukua.

MCHANGIAJI, KISUMU: Naongeza tu ili tusichanganye mambo. Vifaranga madume watupu mnavyonunua si GMO, wanageuzwa jinsia kwa homoni kwenye chakula wakiwa wachanga. Sato wa GIFT pia si GMO, ni uteuzi wa wazazi bora ulioanza Ufilipino 1988. Kwetu Kenya serikali iliondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022 na kesi zikafuata kortini. Swali langu ni la mpaka. Ziwa ni moja, nchi ni tatu. Nyinyi mkikataa na sisi tukubali, samaki ataonyesha pasipoti wapi?

MTOA MADA: Ndugu yangu wa Sengerema, hoja ya chakula ni ya kweli na siibezi. Lakini tazama yaliyowapata wenyewe: Desemba 2024 AquaBounty walitangaza kusimamisha ufugaji wote, fedha zimekata. Samaki wa haraka hakuwaokoa, kwa sababu matangi na mitambo ya kusafisha maji ni ghali mno. Hapo ndipo hofu yangu inapozidi. Atakayemleta samaki huyu kwetu hatakuja na matangi. Atakuja kwa ajili ya ziwa, maana ziwa analipata kwa bei rahisi.

Na hoja yako kwamba sato ni mgeni ndiyo inayonitisha zaidi. Sato anapandana na jamaa zake wa asili, akina ngege. Ngege wenyewe sasa wamebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni. Jeni utakayoiweka kwa sato haitabaki kwa sato. Tena samoni ana msimu wake na mto wake wa kutaga. Sato anaatamia mayai mdomoni, anazaa mara kadhaa kwa mwaka, mahali popote penye maji ya vuguvugu. Kumfanya mgumba kwa wingi ni kazi ngumu kuliko samoni, kwa kuwa jike anatoa mayai machache kwa mara moja. Na madume watupu si wagumba, jamani. Dume mmoja akitoka kizimbani, majike wako nje wanamsubiri.

Kwa wa Kisumu: ndiyo maana sitaki uamuzi wa nchi moja moja. Tuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, lililoanzishwa na nchi zetu tatu mwaka 1994. Kanuni ya vizimba na GMO ingeandikwa huko, ikataje pia nani analipa samaki wakitoroka.

Mfugaji, nina swali moja kwako kabla hatujaendelea, na wengine wenye vizimba mnisaidie. Wavu ukipasuka leo usiku, samaki 5,000 wakatoka, kesho asubuhi mnatoa taarifa kwa nani? Kuna fomu? Kuna namba ya kupiga?