Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli peke yangu, nitafika?

Mwendo wa Kobe:
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Korogwe. Mwezi wa saba nina Jumamosi moja ya kupumua. Nataka nitoke Mombo alfajiri, nipande mlima kupitia Soni mpaka Lushoto, jioni nirudi Mombo. Baiskeli ni ya mtumba, gia 18, breki za raba. Nimezoea tambarare tu. Ule mlima unapandika, au najitafutia ugonjwa?

Kiraka Kimoja:
Unapandika, mkuu. Mimi nina miaka 47 na kitambi, na nilifika. Ni kama kilomita 33, lami mwanzo mwisho, ila unatoka kwenye joto la mkonge unapanda karibu mita 1,000. Niliondoka saa kumi na mbili na robo, Soni nikaingia saa tatu. Kuna mahali nilisukuma. Mtoto mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita, akaniambia, "Pole babu." Babu!

Kupanda kusikutishe, kazi iko kwenye kushuka. Niligeuza saa tisa, nimeng'ang'ania breki zote mbili kona baada ya kona, najiona dereva. Chini ya Soni nikasikia harufu ya raba kuungua, halafu fyuuu, tairi la nyuma likalala. Ringi ilikuwa imepata moto mpaka kiraka cha zamani kikabanduka. Pampu ninayo, viraka ninavyo, solusheni imekauka tangu sijui lini. Mama mmoja muuza mapeasi kando ya barabara akamwita kijana wa bodaboda, akaja na yake. Kijana akakataa hela. Nikanunua mapeasi ya elfu mbili kwa yule mama, yakapondeka yote kwenye begi kabla ya Mombo.

Kwa hiyo weka raba mpya, na tyubu ya nyuma isiwe na kiraka. Ukishuka, bana uachie, bana uachie. Simama mara kwa mara ringi zipoe. Usizijaribu kwa kidole, mimi alama ninayo mpaka leo.

Binti wa Soni:
Kaka umesahau malori ya kabichi na Kosta. Kona za chini ya Soni ni finyu, na dereva wa huku akipiga honi anakuarifu kwamba anakuja, hakuombi njia. Kaa kushoto kabisa. Halafu mwezi wa saba ni baridi, saa nne asubuhi unaweza kukuta ukungu bado. Mtu wa Korogwe beba sweta. Maporomoko ya Soni usiyapite bila kusimama. Ukikutana na wazee asubuhi wape salamu ya Kisambaa, "onga makeo", utaona watakavyochangamka.

Mwendo wa Kobe:
Asanteni sana. Na mwamba wa Irente nikitaka kuchungulia?

Kiraka Kimoja:
Ongeza kilomita tano, sita hivi kutoka Lushoto mjini, na kurudi nazo. Ukienda huko lala Lushoto. Ukisimama pale mwambani unayaona mashamba ya mkonge chini kabisa, utasahau saa, na mlima ule haushukwi gizani.

Mwendo wa Kobe:
Nimempelekea fundi leo. Kachungulia breki za nyuma, akaita na wenzake waje waone. Raba ziliisha zamani, nilikuwa nafunga kwa chuma.