Tupeane uzoefu: Somo la kiroho ulilolipata mahali usipotegemea

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Yakobo alipolala njiani akielekea Harani hakuwa ameenda kwenye maombi. Alikuwa anamkimbia Esau baada ya kumdanganya baba yao, jua likamchwea, akaweka jiwe chini ya kichwa akalala. Ndipo akaota ile ngazi. Kilichonishika wiki nzima ni alichosema alipoamka (Mwanzo 28:16), kwamba Bwana yupo mahali pale, wala yeye hakujua. Mjukuu wa Ibrahimu huyo, hakujua!

Yangu ni hii. Usiku mmoja nilijifungia nje, funguo ziko ndani, mvua inanyesha, na fundi wa kufuli amesema nimsubiri saa mbili nzima. Jirani wa mlango wa pili, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugomvi wa kijinga, akafungua dirisha, akaniona, akafunga. Nikasema moyoni, ndivyo alivyo. Baada ya dakika mbili akatoka na kiti na mwavuli, akaviweka mbele yangu, akarudi ndani bila neno.

Nilikalia kile kiti saa mbili. Zile dakika mbili tu nilishamhukumu, na nilikosea. Sasa ile miezi yote je? Asubuhi nikarudisha kiti. Sitawadanganya kwamba siku hizi ni marafiki. Tunasalimiana.

Karibuni. Iwe yako mwenyewe, si ya "kuna mtu mmoja", na si lazima iwe muujiza.

*

Yangu fupi. Binti yangu wa miaka mitano, sala ya kulala: "Mungu, asante kwa baba. Naomba simu yake iharibike."

Nikaitikia amina kabla sijasikia vizuri.

(Haikuharibika. Ila sasa inalala chumba kingine.)

*

Hahaha! Mtumishi, ombi hilo kwangu lisifike kabisa.

*

Mama yangu alianza kusahau taratibu. Kwanza alikoweka miwani, kisha njia ya kurudi nyumbani, mwisho akatusahau sisi wanawe. Nilimhudumia miaka minne. Sitapamba: kuna siku nilimwogesha kwa hasira, na yeye alijua, maana alikuwa anatulia kama mtoto aliyekosa.

Lakini ukimwanzishia wimbo wa kanisani aliouzoea anaimba beti zote, na sauti ya pili anaishika. Wauguzi waliniambia nyimbo za zamani mara nyingi hubaki hata mengine yakipotea, kwa hiyo siuiti muujiza.

Siku moja namfunga vifungo vya gauni, akanitazama sana, akauliza kwa upole, "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Koo likanikauka. Nikamjibu, "Wako, mama."

Akafikiri. "Haya, vizuri," akasema, "kaa hapa." Akajisogeza kitandani kunipa nafasi.

Mimi nilikuwa mtu wa kumkumbusha Mungu: nilifunga, nilitoa, nilitumika kwaya tangu usichana. Na ile Isaya 49:15, ya mwanamke na mtoto wake anyonyaye, nilikuwa naipita haraka kama mstari wa kufariji tu. Sikuwahi kuona kwamba Mungu anakiri pale kuwa mama anaweza kusahau. Anasema hao waweza, yeye hatasahau.

Mama nimeshamzika. Siku ambazo naingia kuomba sina la kusema, nasema tu mimi ni mtoto wa nani, halafu nakaa.

*

Dada hapo juu, umenifanya nifunge mlango wa ofisi.

*

Mada nzuri, ila naomba kutia breki kidogo.

Tulipompoteza mtoto wetu, waliokuja kutupa pole walikuja na mafundisho. Mmoja akasema Mungu alihitaji ua kwenye bustani yake. Mwingine akatushauri tujichunguze, huenda kuna mlango tulimfungulia adui. Mke wangu aliinuka akaenda kusimama uani mpaka yule mtu alipoondoka. Somo la kiroho usiloliomba, ukipewa wakati jeneza bado liko ndani, ni jiwe. Yesu mwenyewe alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4), alikataa kata kata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Na hakueleza kwa nini mnara ulianguka.

Rafiki za Ayubu huwa tunawasema vibaya, lakini tusome vizuri. Walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kumwambia neno (Ayubu 2:13). Hapo walikuwa sawa! Waliharibu walipofungua vinywa, na mwishoni Bwana anamwambia Elifazi kuwa hawakunena yaliyo sawa.

Sasa uzoefu wangu. Aliyenifundisha msiba ule ni mtu wa kazini, kanisani haendi. Alifika, akaona vyombo vimejaa, akakunja mikono ya shati akaosha vyote. Akafagia. Akaja kukaa karibu yangu mpaka giza likaingia. Sidhani kama alisema maneno kumi. Kesho yake akarudi.

Mimi wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa. Nilishakwenda misiba mingi, Biblia mkononi, mistari nimeitia alama kabisa kabla ya kutoka nyumbani. Usiku ule niliikumbuka misiba ile, mmoja mmoja.

*

Pole sana, kaka. Nimeisoma mara mbili, sina la kuongeza.

*

Nilitaka kutoa yangu, nikaona haya maana haina mwisho. Lakini naona hapa si lazima iwe shuhuda ya "na leo ninavyoongea nanyi".

Miaka mitatu nimegonga milango ya huduma niliyoamini nimeitiwa, yote imefungwa, mingine usoni. Kilichonisaidia ni Matendo 16, na niliipata kwa bahati, nilikuwa natafuta habari za Lidia kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Kabla ya kufika kwa Lidia unakuta Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho Mtakatifu kuhubiri Asia. Anajaribu kwenda Bithinia, hapewi ruhusa. Anateremka mpaka Troa. Nilizoea kuanzia kwenye maono aliyoyapata hapo Troa, ya yule mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie, kwa hiyo safari nzima ya kugonga na kukataliwa sikuwahi kuiona. Luka, mwandishi wa Matendo, haelezi Roho aliwazuiaje, wala hasemi Paulo alijisikiaje njia yote ile, akitembea kuelekea baharini bila kujua anakwenda wapi.

Makedonia yangu sijaiona. Niko Troa. Anayefuata aendelee.