Bentonaiti, zeolaiti au magadi soda kwa ng'ombe wasioshika mimba wakati wa joto?

Mfugaji wa Mikindani
Habari zenu, ndugu wafugaji. Nina chotara wanne wa Friesian, na tangu Novemba wawili wamehimilishwa (kupandishwa kwa mrija) mara tatu kila mmoja bila kushika mimba. Dukani nimeelekezwa nichanganye kwenye chakula chao bentonaiti, ambayo ni udongo wa mfinyanzi, au zeolaiti, ambayo ni madini ya unga, naye jirani anasema magadi soda yanatosha. Nichague kipi?

Mama wa Ndanda
Pole sana, ndugu yangu. Mimi nachagua bentonaiti, kwa kuwa nalisha mashudu ya karanga, ambayo kwa unyevu wa huku kwetu huota ukungu upesi. Udongo huo hunasa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Nachanganya kilo 1 katika kila kilo 100 za pumba na mashudu. Hata hivyo, kila gunia nalinusa kwanza, na mashudu yaliyoshikamana mabonge yenye ukungu wa kijani siwapi kabisa.

Mhimilishaji, Lindi
Mama amesema kweli, ila kila kimoja kina kazi yake. Ng'ombe anayehema huku mate yakimdondoka hupoteza kinga dhidi ya asidi ya tumbo, na kwa kuwa hula majani kidogo, hucheua kidogo pia. Hapo magadi soda, yanayopunguza asidi hiyo, ndiyo hufanya kazi haraka zaidi. Zeolaiti, ambayo kwa hakika si udongo wa mfinyanzi bali madini ya jamii nyingine, hushika amonia, ambayo hutokea tumboni protini inapovunjwa, hivyo inamfaa anayelisha mashudu mengi. Lakini hakuna hata kimoja kinachompoza ng'ombe. Joto la mwili wake likipanda kutoka nyuzi 38.5 na kuvuka 39, yai na kiinitete (mimba changa) cha siku za mwanzo huathirika, na dalili za kuhitaji dume huwa fupi na hujitokeza zaidi usiku. Je, banda lako limeezekwa kwa nini?

Mfugaji wa Mikindani
Kwa bati, nalo liko chini. Maji nawapa asubuhi na jioni. Na udongo wa kula unaouzwa sokoni, haufai?

Mhimilishaji, Lindi
Usiutumie, kwani haujapimwa na unaweza kuwa na risasi. Tandaza makuti juu ya bati, weka maji kivulini kutwa nzima, kisha uwaangalie saa nne usiku na alfajiri. Ukimwona amesimama akipandwa na mwenzake, nipigie palepale, ili ahimilishwe baada ya muda wa saa 12 hivi tangu umwone. Bentonaiti ya Mama ifuate baada ya hayo.

Mfugaji wa Mikindani
Nashukuru sana. Makuti nayafuata kesho, na leo saa nne nitakuwa bandani na tochi.