Tupeane uzoefu: uliposhusha gari kwa ajili ya otokrosi (zile mbio zetu za magari kwenye vumbi), ikawaje?

Kijana wa Barani
Leo nimepita tuta la Gede na gari ya mjomba, tumbo likakwaruza kraaa! Nikakumbuka nilivyoishusha yangu mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi. Nani mwenzangu? Mwageni.

Binti Ganda
Mwenzio hapa 😂

Corolla Kuukuu
Mimi nilikata springi. Matusi wekeni kando kwanza. Corolla yangu ya KE70, za nyuma, duru moja na nusu kila upande kwa graenda, fundi huku anaimba. Ilivyolala! Tukaenda mbio za vumbi upande wa Mambrui. Mzunguko wa kwanza tamu. Wa pili, kuna kichuguu kabla ya kona ya kulia: matako ya gari yakaruka, ekseli ikaning'inia, ile springi fupi ikakosa cha kuibana. Kutua tu, ting! kama sufuria imeanguka jikoni. Nyuma kushoto kukalalia tairi, nikazunguka mara mbili, nikaishia kwenye matairi ya mpaka nimeelekea nilikotoka. Vumbi kutulia, springi sina. Imebiringika mpaka kwa mama wa viazi karai. Kaja nayo, kaishika kwa pembe ya leso: "Baba, hii yako?"

Mpiga Spana
Porojo. Springi ina fimbo ya shoki katikati, itatokaje?

Corolla Kuukuu
Ya mbele ndiyo. KE70 nyuma springi iko peke yake, shoki imesimama pembeni. Ingia uvunguni uone kabla hujabisha.

Mpiga Spana
Haya. Kukata ni ujinga vilevile.

Mwana Koilova
Mimi waliniponza Wamarekani wa kwenye video. Wao hupinda kati ya koni juu ya lami, gari ikiwa chini ni faida. Sisi vumbi na mashimo. Nilishusha sentimita 5, kila shimo shoki inagonga raba ya mwisho, ile inayoizuia isibonyee zaidi, na tairi inaachia ghafla. Nikafunga kile kitai cha plastiki cha nyaya kwenye fimbo ya shoki, nione inabonyea mpaka wapi. Mzunguko mmoja tu kimesukumwa mpaka kwenye raba. Nikarudisha sentimita 3.

Mzee wa Casuarina
Wanangu, mnapima wapi? Ukianzia ardhini, upepo wa tairi ukipungua hesabu imepotea. Anzia katikati ya hubu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, sakafu iwe sawa. Ukitoa jeki, sukuma gari mbele na nyuma kwanza. Matairi hutua yamejibana, gari ikabaki juu kwa uongo. Na mtu awe kwenye kiti cha dereva.

Binti Ganda
Saa nne usiku mtu nimtoe wapi mzee wangu? Naweka mfuko wa saruji.

Mpiga Spana
Saruji ni kilo 50, na wewe dada... basi, naogopa kumalizia.

Binti Ganda
Malizia uone.

Jirani wa Bahari
Ukishabadilisha, rudi kwa fundi wa alaimenti akunyooshee magurudumu. Na nati za koilova (zile springi na shoki za pamoja, unapandisha na kushusha gari kwa nati) zipakeni grisi. Gari yangu inalala karibu na ufuo. Niliziacha msimu mzima wa kusi, zikang'ang'ania kwenye uzi mpaka nikavunja spana.

Kijana wa Barani
Sasa mbele iwe chini au juu?

Mwana Koilova
Chini kidogo, iume kona.

Corolla Kuukuu
Juu! Mbele ndiyo inayokutana na kichuguu kwanza.

Binti Ganda
Corolla, yule mama wa viazi bado yupo?

Corolla Kuukuu
Yupo. Nikipita ananiita Springi.