Kalamu za mpingo na kokobolo: mng'ao unabanduka, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, nakereza kalamu za mbao na mbao za kawaida hazinisumbui kabisa, shida inaanza nikishika hizi zenye mafuta mengi kama mpingo, kokobolo (mbao ngumu ya Amerika ya Kati) na mzeituni. Huwa napaka supa gluu ile nyepesi leya 8 hadi 10, halafu msasa wa maji kupanda mpaka namba 12000 (laini kabisa) na polishi mwishoni, inang'aa kama kioo yani mpaka unajiona uso. Baada ya wiki kadhaa mfukoni naanza kuona weupe pale karibu na ringi za chuma, ukigusa na ukucha inanyanyuka kama ganda.

Nafuta kwa asetoni kabla ya kupaka lakini nahisi nachelewa, maana mafuta yanarudi juu tena mbao ikikaa, na joto la msasa nadhani linayavuta zaidi. Vanishi ya mafuta niliijaribu kwenye kokobolo ikagoma kukauka siku 4 nzima, inanata tu, nikaikwangua yote kwa hasira.

Sasa kuna mtu kaniambia nitangulize shelaki (ile rangi ya utomvu wa wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti) isiyo na nta kama kizuizi cha mafuta ndio gluu ije juu. Aliyejaribu, inashika kweli au leya zitaachana mbele ya safari? Na baada ya asetoni mnasubiri dakika ngapi? Msiniambie nipake nta peke yake tafadhali, jasho la mkono linaimaliza haraka mno.