Farasi anachechemea: nimvue viatu vya chuma?

Mfugaji_Naivasha: Wakuu, farasi wangu tangu asubuhi hakanyagi mguu wa mbele kushoto. Ukwato una moto. Nimvue viatu vyote abaki peku?

Daktari_Mifugo: Ghafla, mguu mmoja, joto: mara nyingi ni usaha ndani ya ukwato. Toa kiatu cha mguu huo tu. Daktari afungue tundu dogo usaha utoke; usichimbe mwenyewe, tundu kubwa huchelewa mno kupona. Kisha loweka dakika 15 katika maji vuguvugu yenye chumvi ya Epsom, funga kwa nepi ya mtoto na selotepu pana, badilisha kila siku. Chanjo ya pepopunda je, anayo? Akiegemea nyuma kukwepa miguu yote ya mbele, huenda ni laminaitisi (uvimbe wa tishu ndani ya kwato): daktari aje leo hii.

Mkata_Kwato: Peku ni uamuzi wa akishapona. Bonyeza wayo kwa dole gumba. Ukibonyea ni mwembamba, mwache na viatu. Ukiwa mgumu, vua, kisha viringisha kingo kwa tupa, maana ukuta (ganda gumu la nje la ukwato) humeguka kwenye matundu ya misumari. Rudia kila wiki 4 hadi 6. Ukuta mpya wa mbele huchukua karibu mwaka kukua kutoka juu hadi chini.

Mfugaji_Naivasha: Njia yetu ni kokoto tupu.

Mkata_Kwato: Basi mvalishe buti za kwato akitoka, na punguza nafaka na molasi, maana wanga na sukari nyingi huweza kuleta laminaitisi.